Daftari la Madeni ya Bustani

Miaka ishirini na sita nilipima majani ya chai
kwenye mizani ya chama, hapa Kasenda,
nikaandika kilo za watu bila kumpunja mtu gramu.
Nimestaafu. Mkono haujastaafu.
Ndiyo maana jikoni kwangu kuna daftari la jalada la bluu,
na humo ndimo wanamolala wadeni wangu.

Fungo: mapapai mawili, yamebakiza siku moja kuiva.
Tumbili, kundi zima, wakiongozwa na yule jike wa mkia uliokatika:
mahindi, mistari mitatu, na dharau,
maana alinitazama akimenya kama mtu aliyelipa.
Nguchiro: mayai. Idadi haijulikani.
Kuku hawasemi wametaga mangapi, nami siwezi kuapa.
Hondohondo: kelele tu. Nimemsamehe.

Na mbweha.

Kwanza nilimjua kwa nyayo,
kwenye tope la karo la kuoshea vyombo,
nadhifu, kama za mgeni aliyevua viatu mlangoni.
Kisha kwa sauti, saa nane usiku,
si kubweka, si kulia, kitu cha katikati,
mvua ikiwa imetoka tu kuvuka ziwa.
Kisha kwa hasara: tetea wa madoa, aliyekuwa akilalia.
Nilikuta unyoya mmoja kwenye seng'enge
na mayai kumi na moja yenye joto bado.

Tibamanya, jirani wa ng'ambo ya mtaro,
akaja na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi.
"Matone matatu kwenye utumbo wa mbuzi," alisema.
"Asubuhi unachimba shimo, basi."
Nikaiweka juu ya kabati, nyuma ya taa isiyo na utambi,
nikafungua daftari niandike deni la tetea.

Hapo kalamu ikagoma.
Chama kilitufundisha: deni bila jina ni uvumi.
Na mbweha si jina. Ni kama kuandika "mkulima".
Tena sisi Watooro hatumwiti mtu kwa jina tupu;
tunamwita kwa empaako,
hata ukimdai, hata ukimfukuza uani,
unaanza kwa kumpakata na neno hilo.
Nikaandika: Apuuli.
Kuku mmoja, shilingi elfu thelathini na tano.

Ujinga wangu wote uko kwenye mstari huo.
Nani aliyewahi kumtilia sumu mtu
aliyekwisha kumwita empaako?
Usiku ule alipolia nilijikuta nikisema gizani,
Apuuli, kalale, mvua inarudi.

Wiki ya tatu akanibebea jogoo.
Nilitoka na mwiko mkononi, nikapiga kelele hadi barabarani:
"Apuuli! Mwizi mkubwa! Rudisha jogoo wangu!"
Na Tibamanya alikuwa pale mtaroni, anapiga mswaki.
Empaako yake ni Apuuli.
Mkewe, Kabasinguzi, alicheka hadi akakaa chini kwenye umande.

Siku nane hakunisalimu.
Ya tisa alibisha hodi, hakuketi.
"Nipe chupa yangu," alisema.
"Siwezi kumuua wajina."
Tangu hapo huniuliza, akiangalia pembeni,
mwenzake ameonekana?

Ameonekana. Juzi, alfajiri, kwenye matuta ya viazi,
masikio mbele, akisikiliza ardhi
kama mkunga anavyosikiliza tumbo.
Akaruka. Fuko mmoja. Kisha wa pili.
Nikafungua upande wa malipo, nikakwama:
bei ya fuko ni shilingi ngapi?

Mwanangu anapiga simu kutoka Mbarara, jenga ukuta, mama.
Ukuta! Tumbili watashukuru, watapata pa kukalia.
Jogoo hajarudi. Sidanganyi, bado naumia
kila saa kumi na moja nikiamshwa na kimya.

Leo fungo amekula papai nusu.
Nusu nyingine ameiacha mtini, inaning'inia kama bakuli.
Nimekata palipoguswa na meno, nimekula iliyobaki.
Tamu.
Daftari liko wazi mezani
na sijui niandike upande gani.